Kibao Nilichompelekea Bi Nesta

Tangu nirudi, kila Ijumaa tukitoka ibadani pale Mesaimeer, hapa Doha, kuna mtu atakayenishika mkono na kuniuliza, "Enhe, Tomaso, kulikuwaje huko?" Namwambia kulikuwa na mvua. Anacheka, anakimbilia basi la kampuni, na mimi nabaki na maneno yangu. Wafula ndiye aliyeniambia niandike, kwa sababu amechoka kusikia vipande vipande. Basi haya ni yote. Mambo ya viza nayaruka, kila mmoja wenu ana yake. Na jina hilo la Tomaso mlinipa ninyi kwa sababu nauliza maswali kwenye mafunzo ya Biblia. Hapa mtaona siku niliyopaswa kuuliza swali moja dogo nikakaa kimya.

Doha hadi Manchester

Mnajua kazi yangu. Nilisoma historia chuo kikuu, na hapa Doha namhudumia Mzee Emrys, Mwelisi mwenye miaka zaidi ya themanini, anayeishi na bintiye Carys, mwalimu. Namvalisha soksi, namsomea magazeti, namtembeza jioni jua likipoa. Macho yake yanakufa kuanzia katikati. Anaona pembeni tu, kwa hiyo akitaka kukuona uso anatazama sikio lako. Mwanzoni nilidhani ananidharau.

Mwezi wa safari daktari alimwambia Carys kwamba hata hayo ya pembeni hayatadumu. Mzee hakulia wala hakuuliza dawa. Alisema anataka kwenda kwao, kaskazini ya Welisi, kunywa chai katika jiko la nyumba fulani. Carys hakuweza kuacha darasa katikati ya muhula, kwa hiyo nikapewa mimi safari.

Ndani ya ndege nilimuuliza ni chai gani hiyo isiyopatikana Doha. Akanieleza kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miiba mguuni. Nyumba ile ilijengwa na baba wa babu yake. Babu yake na babu wa Bi Nesta, mwenye nyumba wa sasa, walikuwa ndugu wa tumbo moja, na nyumba ikabaki upande wa kina Nesta. Mzee alikulia mwisho wa barabara hiyo hiyo. Alipita mbele ya mlango ule kila siku ya shule na hajawahi kuingia ndani.

"Hata mara moja?" nikauliza.

"Hatukuwa tukikaribishwa."

Nikajua ni shamba. Kwetu Taita ukichimba ugomvi wowote wa ndugu, chini utakuta shamba. Sikuuliza zaidi, na hilo peke yake lingewashtua ninyi.

Kilichobaki alinieleza Carys kabla hatujaondoka. Alikuwa amempigia Bi Nesta simu. Bi Nesta alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akakata. Na mwisho wa mwezi alikuwa anahamia kwa mpwa wake Cardiff, nyumba ikafanywe ya kupangisha watalii. Kwa hiyo tulikuwa tunakimbizana na vitu viwili, macho ya Mzee na mizigo ya Bi Nesta.

Manchester hadi Bangor

Treni ilisimama Chester kwa sababu mti ulikuwa umeangukia reli. Kwetu abiria wangeshuka, wangemtafuta meneja, mmoja angehutubia. Wale walifungua vitabu vyao. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu alitoa mkate mweusi uliojaa zabibu kavu, akaukata kwa kisu kidogo, akatupakia siagi bila kutuuliza. Alisema zabibu hizo hulowekwa kwenye chai usiku kucha. Nilikula vipande viwili nikasahau kuhoji.

Halafu Mzee akamshukuru kwa Kiwelisi.

Miaka miwili nimemvalisha mtu huyu soksi na sikujua kama ana lugha nyingine ndani yake. Sauti yake iliteremka, ikawa nzito, mikono ikaanza kusema pia. Yule mama akafurahi, wakazungumza kwa kasi mpaka treni ikaanza kutembea tena. Kisha mama akauliza kitu, na Mzee akanigeukia, akasema kwa Kiingereza kwamba macho yanamsumbua na angependa kulala. Mama akaangalia dirishani.

Baadaye nilimuuliza yule mama alitaka kujua nini. "Mimi ni wa kwa nani," akasema. Swali ambalo kila shangazi wa Wundanyi humwuliza kila mgeni, na mzee wangu alilikimbia kwa kujifanya amesinzia.

Tulipofika Conwy reli ilipita chini kabisa ya ukuta wa ngome, minara imesimama juu ya vichwa vyetu kama askari waliosahauliwa hapo. Nikamweleza ninachoona, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Akasema mfalme wa Uingereza aliijenga baada ya kuwashinda, ili wakiamka asubuhi waione na waogope.

"Mliogopa?"

"Sasa tunapiga picha za harusi pale."

Kutoka stesheni ya Bangor tulipanda basi. Kwenye ratiba ya kituoni nikaona majina ya vijiji: Carmel. Nebo. Sisi wenyewe tulikuwa tunaenda Bethesda. Nilidhani mtu anafanya mzaha. Mzee akanieleza kwamba watu wa huko walijenga makanisa kwanza, kisha vijiji vikachukua majina ya makanisa. Wafula, ungekuwa hapo ungepiga magoti ndani ya basi.

Mlango wa mbele

Bethesda ni mji wa barabara moja ndefu, mvua nyembamba, na mlima uliokatwa ngazi ngazi kama keki iliyoliwa na watu wasio na haraka. Hilo ni chimbo la sleti, jiwe jeusi linalopasuliwa kuwa vibao. Bibi yangu alijifunza kuandika herufi juu ya sleti. Kule wameezekea nayo nyumba, wametengenezea ua, na makaburi ni ya jiwe hilo hilo.

Tulifikia kwa Bwana Ifan, mwanamume mnene mwenye nyumba ya wageni na gari bovu. Alitupikia mchuzi wa nyama, viazi na karoti uliochemshwa hadi ukawa mzito, na kama angetia dhania ningesema ni wa mama. Aliniambia mji ule una ajabu moja, kwamba baa zote ziko upande mmoja wa barabara, kwa sababu ardhi ya upande wa pili ilikuwa ya bwana wa chimbo, na bwana huyo hakutaka pombe. Nilitoka nje kuhakikisha. Ni kweli.

Asubuhi Mzee alivaa tai. Nilimshika kiwiko tukapanda barabara hadi nyumba moja katika safu ya nyumba zilizoshikana, mlango wa kijani. Hakuhitaji nimwonyeshe. Alikuwa na boksi la tende kutoka Doha mkononi. Akabisha.

Pazia likasogea. Niliona vidole, kisha jicho, kisha pazia likarudi mahali pake taratibu, bila hasira, kama mtu anayefunga kitabu.

Akabisha tena. Tukasimama. Mvua ikaanza kuloanisha boksi la tende. Mwanamke aliyepita na mbwa wake alimsalimu Mzee, akautazama mlango, akauelewa mlango, akavuka barabara.

"Labda hasikii," nikasema.

"Anasikia vizuri," Mzee akasema. "Twende."

Aliporudi alivua tai, akalala amegeukia ukuta. Akaniambia niende na Ifan nikatazame mawe, kwa sababu watu hutoka mbali kuja kutazama mawe.

Ngome ya sukari

Ifan alinipeleka kwanza kwenye ngome kubwa karibu na Bangor. Ilionekana ya kale sana, minara na madirisha membamba ya kurushia mishale. Ifan akacheka. Alisema ilijengwa wakati hakuna tena vita vya mishale, na tajiri aliyetaka tu ionekane hivyo. Ndani nilionyeshwa kitanda kilichochongwa kwa sleti tupu, kizito kama gari, alichotengenezewa malkia mmoja alipotembelea. Inasemekana alikikataa kwa sababu kilifanana na kaburi. Nikaenda kwenye chumba cha chai, nikala keki ya malai, nikajisikia mtalii kamili.

Keki iko mdomoni nikasoma bango la ukutani. Utajiri wa kwanza wa familia ile ulitoka kwenye mashamba ya miwa kule Jamaika, yaliyolimwa na Waafrika waliomilikiwa kama ng'ombe. Fedha ya sukari ndiyo iliyofungua chimbo la sleti, na sleti ikajenga minara. Nilisoma mara mbili. Nilitafuta mahali walipopunguza makali ya maneno, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu, na sikupata.

Nilimfuata mama mmoja mwenye beji, mzee, mpole, nikamuuliza kwa nini wameyaweka ukutani mahali ambapo watu wanakula keki.

"Kwa sababu ni kweli," akasema. Akaniuliza kama nimeshaona bustani.

Sikuona bustani. Nilikaa kwenye gari la Ifan nikiwa na ladha ya sukari mdomoni ambayo haikutoka hata baada ya kunywa maji.

Kutoka hapo alinipeleka ng'ambo ya mlima, kwenye magofu ya mabweni ya wachimbaji wa chimbo jingine. Safu mbili za vyumba vya mawe zinatazamana, hazina paa, miti imeota ndani. Wanaume kutoka kisiwa cha jirani walikuja Jumatatu alfajiri na chakula cha wiki nzima, wakalala humo wamebanana, wakarudi kwa wake zao Jumamosi. Nilisimama katikati ya chumba kimoja nikanyoosha mikono, karibu niguse kuta zote mbili. Familia moja ya watalii ilikuwa inapiga picha. Msichana wao aliniomba nisogee kidogo nisizibe dirisha. Nikasogea. Nilikuwa nawaza chumba cha Wafula kule Industrial Area ya Doha, kitanda cha juu na cha chini, masufuria chini ya kitanda. Nilijaribu kumwona mtalii amesimama pale siku moja, anamwomba mtu asogee.

Hapo ndipo nilipomuuliza Ifan kuhusu mlango wa kijani. Akakaa juu ya jiwe.

Alisema zaidi ya miaka mia iliyopita wachimbaji wa Bethesda waligoma kwa miaka mitatu. Walikula misaada, wengine waliondoka kwenda kuchimba makaa kusini, na nyimbo zao wakaenda kuziimba katika miji mingine ili wapate cha kutuma nyumbani. Wasiovumilia walirudi kazini. Hao waliitwa wenye mkia, kama mbwa anayemtikisia bwana wake. Waliojitenga nao waliweka kadi madirishani kutangaza kwamba wa nyumba hii hajarudi. Watu wakahama makanisa ili wasikae benchi moja na mwenye mkia.

"Babu wa Nesta hakurudi," akasema Ifan. "Babu wa Emrys alirudi. Ndugu wawili, barabara moja. Mzee wako ni mjukuu wa mkia."

Nilisema hiyo ni zaidi ya miaka mia. Nilisema hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa. Nilikuwa nimeshtuka kiasi kwamba nilianza kubishana na mtu aliyekuwa ananisimulia tu.

"Kwenu watu husahau?" Ifan akauliza.

Nikamkumbuka Shangazi Wakesho, ambaye huzunguka kilima kizima kwenda sokoni asipite kwenye kiwanja cha jirani, kwa sababu ya mfereji wa maji ulioelekezwa vibaya kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa namcheka. "Na wewe?" nikamuuliza Ifan. "Wenu walikuwa upande gani?"

"Wetu hawakurudi. Lakini mimi ninapangisha vyumba, kijana. Nikianza kuchagua babu za watu nitalala njaa."

Njiani tulisimama kwenye duka la zawadi. Nilikuwa nimeshaamua. Kwetu ndugu wakikosana, huwaachii wenyewe watazamane mlangoni. Unatafuta mtu wa tatu, mshenga, asiye wa upande wowote, naye haendi mikono mitupu. Nikanunua majani ya chai, mkate, na sukari. Ndiyo, sukari. Niliishika mkononi muda mrefu kidogo, lakini mshenga bila sukari sijawahi kumwona.

Kisha nikaona kitu cha kumaliza. Kibao cha sleti nyeusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, maneno ya Kiwelisi yamechongwa, utepe mwekundu wa kutundikia. Neno moja nililijua, *tŷ*, nyumba, kwa sababu Mzee alikuwa amenifundisha njiani. Ninyi mnajua kibao hicho. Kiko sebuleni kwa mama yako na kwa mama yangu: Kristo ni kichwa cha nyumba hii, msikilizaji wa kila mazungumzo. Mji unaitwa Bethesda. Kingekuwa nini kingine? Nikakifungisha kwa karatasi nzuri. Ifan alikuwa nje anavuta sigara. Muuza duka alinitazama kidogo, akaniuliza kama ni zawadi. Nikasema ndiyo, ya bibi mmoja.

Mlango wa nyuma

Sikumwambia Mzee. Asubuhi iliyofuata nilimwandalia uji wake, nikasema naenda kununua soksi. Nilipita nyuma ya zile nyumba, kwenye kichochoro cha mapipa ya taka, kwa sababu mlango wa mbele ni wa polisi na wahubiri. Jirani hupita jikoni.

"Hodi," nikasema kabla sijafikiri.

Akatokea mama mdogo wa mwili, mnyoofu, mikono ina wino wa magazeti. Alikuwa anafunga vyombo. Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani bila haraka.

"Wewe ndiye unayemshika mkono," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Amekutuma?"

"Hajui niko hapa."

Mvua iliongezeka ikanisaidia. Akasogea. Jiko lilikuwa dogo, meza, viti viwili, na maboksi ya karatasi ngumu yaliyozibwa kwa gundi hadi dirishani. Kikombe kimoja tu kilikuwa nje. Akanipa chai kwa kikombe hicho, yeye akabaki amesimama bila kunywa. Nikaanza hotuba yangu ya ushenga. Nilisema kwamba kwetu watu wazima wakikosana vijana hutumwa, kwamba Mzee anapofuka, kwamba hataki kitu ila kukaa dakika chache. Akasikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza Carys. Nikaona asante inakuja.

Nikawahi. Nikaweka mezani majani ya chai, mkate, sukari, na juu yake kile kifurushi. Nikasema kwa fahari kwamba ni baraka kwa nyumba yake, na hata kule Cardiff aitundike ukutani.

Akafungua karatasi bila kuichana. Kisha mikono yake ikasimama.

"Umekisoma?" akauliza.

"Ni dua ya nyumba. Kwetu kila sebule inayo."

Aliweka kidole juu ya maneno mawili ya kwanza, akanitafsiria kipande kwa kipande, taratibu, kama mwalimu na mtoto mzito.

"Hakuna. Msaliti. Katika. Nyumba. Hii."

Nimesoma historia miaka minne. Ninawasumbua wahubiri wazima. Nilikuwa nimesimuliwa kuhusu zile kadi siku moja kabla, na nikaingia dukani nikanunua moja, nikaifunga utepe, nikaileta kama mshenga wa mwenye mkia. Masikio yangu yaliwaka. Nilitaka kusimama nikagundua nimeshasimama.

Bi Nesta hakunitazama. Alikuwa anautazama ule utepe.

"Wanaviuza hivi?"

"Viko vingi, Bibi. Karibu na mlango. Pembeni ya vikombe."

Akaenda dirishani, akasogeza boksi. Kwenye fremu ya mbao kulikuwa na matundu manne madogo ya misumari, yamezungukwa kwa rangi kwa uangalifu, vizazi vyote vya wapaka rangi wameyaepuka. Alisema kadi ilikaa pale. Bibi yake alizika mtoto katika baridi ya mwaka wa pili, na kadi ilikuwa dirishani. Shemeji yake, babu wa Emrys, alileta viazi vilivyonunuliwa kwa mshahara wa chimbo, akaviacha mlangoni. Bibi yake alivitazama vikioza.

"Nimekaa na hilo maisha yangu yote," akasema. "Na wao wameweka utepe."

Maji yalitiririka kwenye bomba la paa. Mwishoni akauliza kama Emrys angekiona kibao hiki kingemuuma.

Nikamwambia ukweli kwamba sijui, ila kwenye treni aliulizwa ni wa kwa nani akajifanya amelala.

Hapo alinitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. "Basi tumebaki wawili ambao jiwe hili linawachoma," akasema. "Mwambie aje. Apite mbele. Na akisome mwenyewe, mbele yangu."

Jikoni

Nilimwambia Mzee yote, kibao, sukari, kila kitu, nikijua anaweza kunifukuza kazi hapo hapo Bethesda. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akasema nimletee tai.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi tulipofika. Hawakukumbatiana, hata mikono hawakupeana. Bi Nesta alisema kitu kwa Kiwelisi, kifupi, Mzee akaingia na kuinamisha kichwa kwenye kizingiti ingawa yeye si mrefu. Nilimkalisha kiti cha karibu na meza. Kibao kilikuwa mbele yake, utepe umekatwa.

Akageuza uso upande huu na huu, akikitafuta kwa pembe za macho. Nilijua kwamba hawezi. Herufi zilikuwa nyeusi juu ya jiwe jeusi. Nikafungua mdomo nimsaidie, Bi Nesta akainua kidole kunikataza.

Mzee akafumba macho. Akaweka vidole juu ya sleti, akaanza kusoma michongo, herufi kwa herufi, midomo ikitembea. Akatamka neno la kwanza kwa sauti. La pili. La tatu lilikuwa *bradwr*, msaliti, na hapo vidole vilikaa muda mrefu, vikaenda na kurudi, ingawa lilikuwa neno fupi. Akalitamka. Akaendelea hadi mwisho: nyumba hii.

Kisha akauliza, kwa Kiingereza, nadhani ili na mimi nisikie, "Nitoke, Nesta?"

Bi Nesta alienda kwenye boksi lililozibwa, akaipasua gundi kwa kisu cha mkate, akatoa kikombe, akalifungua gazeti, akakisuuza. Akamimina. Akaweka sukari yangu, vijiko viwili, bila kumuuliza.

"Kaa, Emrys. Chai inapoa."

Nilitoka nje nikasimama na mapipa ya taka. Sijui walizungumza nini. Nilisikia kijiko, ukimya, kijiko. Mara moja nilisikia Mzee akicheka, na mara moja nikasikia sauti ambayo sikuwa na uhakika ni ya nani, na haikuwa kicheko.

Tulipoaga, Bi Nesta alikuwa amekifunga kibao kwa gazeti. Alimwekea Mzee mikononi. Maneno yake Mzee alinitafsiria barabarani: chukua wewe, mimi sina dirisha tena.

Kurudi

Ndege ya kurudi ilichelewa, nikanunua chapati za uwanjani zilizofanana na karatasi, na mtoto wa kiti cha nyuma alinipiga mateke hadi Ghuba. Mzee alilala na boksi la tende mapajani, tupu, tende zenyewe zimebaki kwa Bi Nesta. Kabla hatujatua alifumbua macho, akasema chai ya Nesta ina sukari nyingi mno. Nikamwambia sukari ilikuwa ya kwangu. Akasema anajua.

Carys alituuliza uwanjani kama Mzee aliliona lile jiko. Mzee akajibu kwamba ameliona lote.

Kibao kiko dirishani mwa chumba chake sasa, hapa Doha, ghorofa ya tisa. Alitaka kigeuzwe, maneno yatazame nje, kama zile kadi zilivyokaa. Asubuhi akitaka kukisoma hupitisha mkono kati ya kioo na jiwe, na mimi namsubiri na soksi.

Wiki iliyopita wale vijana wa kusafisha vioo, Wanepali, waliteremka kwa kamba mpaka dirisha letu. Mmoja aliona kibao, akaacha kufuta. Alisogeza uso, akakitazama mstari kwa mstari, kisha akaunganisha viganja, akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayepita mbele ya madhabahu ya wengine. Mzee akaniuliza nani yuko nje.

Nilikimbilia dirishani nimfungulie kijana yule nimweleze. Lakini madirisha ya ghorofa ya tisa hayafunguki, na yeye alikuwa ameshaanza kuteremka kwenda kwa jirani.